Homa ya Siku ya Tatu

Jumatatu, 13 Machi 1989

Mvua imeanza leo saa nane mchana, na bati la zahanati linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana. Naibu Chifu Joram aliniahidi fundi tangu Krismasi. Yule bwana akikuahidi kitu, kitafute mwenyewe.

Daftari hili nimelinyakua kwenye kabati la chanjo. Kibukusu changu hapa hakina wa kukisikia, na Kijaluo changu kinawavunja watu mbavu, basi naandika kwa Kiswahili, lugha ninayogombeza nayo kila siku. Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa juu ya Asembo Bay. Tuko muuguzi mmoja, ndiye mimi Nekoye, na mhudumu mmoja, Dishon. Vitanda sita. Kipimajoto kimoja.

Dawa ya njano ya kusafishia vitovu na mikono imebaki galoni moja, na nyingine haiji kabla ya Juni. Nimemwambia Dishon aache ule mtindo wa kumwaga masalio ya chupani kila Jumatatu na kuchemsha chupa. Aongeze tu mpya juu ya yaliyobaki, afunge kizibo. Dishon alinitazama. Ana miaka hamsini na miwili, na kunitazama ndiko kubishana kwake.

Jumatano, 15 Machi

Mvua. Nimechanja watoto kumi na wanne. Wote walinililia, na mmoja alinikojolea.

Jumatatu, 20 Machi

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Ijumaa nilimzalisha msichana mmoja, Agneta, mtoto wa kike, kilo tatu na robo, alilia vizuri, akanyonya vizuri. Leo saa kumi jioni ndipo wameniletea yule mtoto, anachemka. Thelathini na tisa nukta nne. Kitovu kimekuwa chekundu kuzunguka. Homa ilianza lini? Asubuhi na mapema. Na tangu asubuhi walikuwa wakifanya nini?

"Sista, alikuwa analilia jina," nyanya yake akaniambia, bila haya. "Mtoto akilia hivyo, kuna mtu yetu alikufa anataka aitwe. Tukamwita majina yote. Hakunyamaza."

Hapa ndivyo wanavyoamini. Mtoto mchanga asiyenyamaza anatafuta jina la mzee wake, na wanamtajia wafu wa ukoo mmoja mmoja hadi atulie. Walimtajia majina kumi na moja huku damu yake ikichafuka. Nilipiga kelele wodi nzima ikasikia. "Analilia sindano! Hakuna maiti anayetaka kitu hapa!" Agneta alilia. Nilimchoma mtoto penisilini na nikaomba Mungu, kwa hasira pia.

Jumatano, 22 Machi

Mtoto wa Agneta amefariki alfajiri.

Ijumaa, 24 Machi, Ijumaa Kuu

Mwingine. Huyu ni wa kiume, ana siku nne. Thelathini na tisa na nusu, hanyonyi, utosi umevimba. Kwanza nilidhani ni malaria maana mbu wamejaa, nikampa klorokwini, nikapoteza nusu ya siku. Malaria haimshiki mtoto wa siku nne kwa kawaida, nalijua hilo tangu chuo. Nilijidanganya kwa sababu malaria naiweza. Kitovu kilipotoa usaha wa kijani niliwaambia wampeleke Kisumu. Alifia njiani, pale Kisian, wakageuza.

Jumatatu, 27 Machi

Mvua. Dishon amejaza chupa.

Jumapili, 2 Aprili

Mtoto wa tatu alizikwa jana, na leo nimefumbua macho.

Hapa mtoto wa kike hukaa ndani siku tatu, wa kiume siku nne. Siku hiyo ikifika, mama mzee aliyekoma kuzaa huja, humbeba, humtoa nje aione dunia. Mtaani hapa kazi hiyo ni ya mtu mmoja tu, Dani Adero. Dani ni bibi kwa lugha yao, na kila mtu humwita hivyo. Ndiye pia nyamrerwa, mkunga wa nyumbani anayewazalisha wale wasiotaka kuja kwangu. Watoto wote watatu walishikwa na homa siku ile ile aliyowatoa nje.

Simpendi Dani Adero, niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna wa kunisikia. Mwaka jana serikali ilimpa semina ya wiki mbili, nyembe na uzi, na tangu hapo ananipungia mkono kama mfanyakazi mwenzangu. Mkono wenyewe una kucha nyeusi za tumbaku. Akinikuta sokoni ananiuliza, "Daktari, leo umenizidi na wangapi?" halafu anacheka na meno yake matatu.

Jumatano, 5 Aprili

Dishon anasema kizibo cha chupa ya dawa kinanuka. Nimemwambia anuse soksi zake kwanza. Ameongeza dawa.

Jumamosi, 8 Aprili

Siku nzuri, ya kwanza mwezi huu. Lornah wa Oketch amejifungua mtoto wa kiume, baada ya miaka sita ya kungoja na mimba mbili kuharibika. Oketch ni fundi wa mitumbwi pale ufukweni, mtu mkubwa, mpole, rula iko nyuma ya sikio hata kanisani. Alimpima mtoto kwa rula ile kutoka kisigino hadi utosi. "Sentimita hamsini na moja, Sista! Andika kwa buku!" Nikaandika. Nilimfuta mtoto kitovu mara mbili, maana huyu niliapa hatanitoka.

Nimemwambia Lornah, Dani Adero asimguse mtoto wako. Mama mkwe wake alisikia, akanuna.

Jumatano, 12 Aprili

Walimruhusu. Mama mkwe alimwita Dani kabla jua halijachomoza, akamtoa mtoto nje kwenye manyunyu. Saa tano Oketch alinijia akikimbia na mtoto ndani ya koti. Arobaini kamili. Alikuwa anakakamaa mgongo kila nikimgusa. Nimempa kila nilicho nacho. Mvua imekata barabara, hakuna gari.

Alhamisi, 13 Aprili

Mtoto wa Lornah amefariki saa tatu asubuhi. Oketch alikuwa amekaa sakafuni, ameshika mguu wa mtoto kwa vidole viwili. Hakulia. Aliniuliza tu, "Ni nini ilimuua?"

Nilimjibu. Nilisema ni mikono ya Adero.

Ijumaa, 14 Aprili

Baraza kwa Joram. Watu walijaa hadi nje ya uzio, mvua au hakuna mvua. Wengine walikwisha anza kusema Dani ana jicho baya, akimtazama mtoto anaungua. Nilisimama kukomesha upuuzi huo. Nilisema hakuna jicho wala uchawi, kuna vijidudu, na vijidudu vinakaa mikononi. Nilisema watoto wanne wamekufa, na wote walipitia mikono ya mtu mmoja. Nilisema, na nakumbuka kila neno, "Mikono ile ndiyo inaua watoto wenu. Iondoeni kwa watoto."

Walinipigia makofi. Sijawahi kupigiwa makofi hapa. Nilirudi nyumbani nimejaa, nikala samaki mzima peke yangu.

Jumamosi, 15 Aprili

Niandike yote.

Saa mbili asubuhi Dishon alikuja akihema, akasema, "Sista, kimbia, wanaua Dani." Nilikimbia na viatu vya mpira hadi vikabaki kwenye tope. Paa la nyumba yake lilikuwa linafuka moshi bila kushika, nyasi zilikuwa zimelowa mno. Kwa kuwa moto ulikataa walikuwa wameziangusha kuta kwa mateke. Kuku walikuwa wamechinjwa na kutupwa. Walikuwa wanaume kama thelathini na wanawake wengi zaidi, na wanawake ndio waliokuwa na sauti.

Walikuwa wamemburuta hadi ufukweni, kwenye mtumbwi ambao Oketch anaujenga. Nilipofika, mkono wa kulia ulikuwa umekwisha. Ulikuwa umelazwa juu ya ubao, na haukuwa tena na umbo la mkono. Dani alikuwa amepiga magoti, watu wawili wamemshika mabega, kitambaa cha kichwa kimeanguka, na nilishtuka kuona nywele zake zote ni nyeupe. Oketch alikuwa ameshika nyundo yake ya mbao. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliye kazini, na utulivu ule uliniogopesha kuliko kelele zote.

Nilipiga yowe. "Oketch! Sikusema hivi!"

Aligeuka. "Si wewe ulisema, Sista? Mikono. Ulisema mikono."

Nilijaribu kupita. Mwanamke mmoja aliniziba kwa mwili wake, nilimng'ata bega, akanipiga kofi. Agneta alikuwa pale pia, yule binti niliyemgombeza, na alikuwa anaruka juu chini akilia, "Na ule mwingine! Na ule mwingine!" Waliunyosha mkono wa kushoto juu ya ubao. Oketch aliishusha ile nyundo mara tatu. Nilisikia mifupa. Dani alikuwa akipiga kelele ya mama anayesukuma mtoto, ile ya mwisho kabisa ambayo mimi na yeye tunaijua, kisha akanyamaza.

Joram alikuwa amesimama chini ya mwavuli. Nilimwuliza ni kwa nini hakuwazuia. Akasema, "Sista, watu wana uchungu. Mimi ni mtu mmoja."

Tulimbeba mimi na Dishon juu ya mlango wa nyumba yake.

Jumapili, 16 Aprili

Amelazwa kitanda cha pili. Nimetoa vipande vya mfupa vidogo kama mchele. Nimeosha vidonda kwa dawa ya njano, nikafunga hadi viwiko. Joram amekataza asipelekwe Kisumu, maana huko polisi watauliza. Nilipaswa kumpeleka hata hivyo. Sikumpeleka, kwa sababu polisi wangeuliza pia nani alisema nini barazani.

Jumatatu, 17 Aprili

Dishon amejaza chupa zote mbili, ya chumba cha kujifungulia na ya chumba cha vidonda.

Jumatano, 19 Aprili

Nimezalisha mke wa Opiyo, fundi wa baiskeli. Mtoto wa kike. Dani alisikia kilio kutoka kitandani kwake, akasema kwa sauti, "Karibu, mama." Kwa mara ya kwanza nimeweza kumtazama usoni. Ninamlisha uji kwa kijiko. Anapuliza uji kabla haujafika mdomoni, na leo alinitania, "Daktari, pole pole, hii si sindano." Ningependa anitukane.

Jumamosi, 22 Aprili

Mtoto wa Opiyo ana homa. Thelathini na tisa nukta sita. Ana siku tatu. Hajatoka wodini, na hakuna mtu aliyemtoa nje kwa kuwa anayewatoa amelala hapa na mabandeji mawili.

Nilisimama katikati ya wodi na kipimajoto mkononi. Dani alikuwa ananitazama.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "huyu nani alimtoa nje? Ni mimi?"

"Hapana, Dani."

"Wale nimezalisha mimi mwenyewe tangu mvua ianze ni tisa. Wangapi walikuja kwako na homa?"

"Sijui."

"Leta buku yako. Mimi sijui kusoma. Wewe unajua."

Nilileta rejista ya chanjo na rejista ya uzazi, nikakaa kando ya kitanda chake. Watoto wake tisa wote wamo kwenye chanjo. Wanene, vitovu vimekauka, si mmoja aliyeugua. Mikono ile ile iliwashika. Walioungua ni watano, na wote watano wako kwenye rejista nyingine. Wamezaliwa hapa. Nimewakata vitovu mimi. Nimewafuta mimi, na wa Lornah nilimfuta mara mbili.

"Wewe unawawekea nini?" nikamwuliza.

"Hakuna kitu. Wembe mpya, uzi ya kuchemsha, halafu naacha ikauke. Kwa semina walisema hivyo. Hata wewe ulikuwa hapo, ulikuwa unasinzia."

Nilikwenda chumba cha kujifungulia, nikakichomoa kizibo. Chini yake kulikuwa na ute wa kijani. Harufu ilikuwa tamu, kama ya matunda yaliyoanza kuoza. Dishon alikuwa mlangoni.

Jumatatu, 24 Aprili

Mtoto wa Opiyo nimempeleka Kisumu mwenyewe leo kwa lori la samaki, na chupa iko kwenye kikapu changu, imefungwa kwa nailoni. Kule hospitali wamempokea, wamempa sindano nyingine kali. Anapumua bado.

Kabla sijaondoka Dani alikuwa na thelathini na nane nukta mbili. Si mbaya kwa mifupa iliyovunjika hivyo. Nimemwambia Dishon amsafishe vidonda asubuhi na jioni bila kukosa.

Chupa nimempelekea Hemant, mtaalamu wa maabara mwenye chumba chake mjini, ambaye aliwahi kunipimia makohozi ya wagonjwa. Anasema nirudi Jumatano. Ninalala kwa binamu yangu Kaloleni. Ananiuliza kwa nini sili.

Jumatano, 26 Aprili

Hemant alinionyesha kisahani. Kilikuwa kimejaa rangi ya kijani kama kidimbwi. "Sista, wewe naongeza dawa mpya juu ya zamani?"

"Ndiyo."

"Na kizibo hii hii?"

"Ndiyo. Basi ni kizibo? Nikibadilisha kizibo?"

Alivua miwani. Ni mtu wa adabu, na alikuwa anatafuta namna ya kuniambia. "Si kizibo peke yake. Hii kidudu nakaa ndani ya dawa. Nakunywa dawa, naishi vizuri. Kila chupa ulijaza namna hii, iko na yeye. Vitoto vilipata hapa."

Kila chupa. Nikakumbuka chupa ya chumba cha vidonda. Asubuhi na jioni, bila kukosa. Nilitoka mle bila kuaga.

Mvua ni kubwa mno. Nimepiga simu ofisi ya chifu mara sita, laini imekufa.

Alhamisi, 27 Aprili

Mto umepita juu ya barabara Kisian. Malori yamepanga mstari. Nimekaa ukingoni siku nzima nikiyatazama maji ya rangi ya chai, na kila saa niliyohesabu ni Dishon akichovya pamba. Dishon hajawahi kukosa kazi hata siku moja, na leo namwomba Mungu amfanye mvivu. Nilijaribu kuvuka kwa miguu, maji yakanibeba, vijana wa pale wakanivuta kwa kamba na kunitukana vizuri.

Ijumaa, 28 Aprili

Nimevuka mchana, nimepata lori hadi njia panda, nimetembea mengine.

Dani Adero alikufa leo asubuhi. Dishon ameandika joto lake kwenye kadi kila baada ya saa sita, kwa mwandiko wake wa shule ya msingi. Thelathini na tisa. Thelathini na tisa nukta nane. Arobaini nukta mbili. Nilifungua bandeji. Usaha ni wa kijani, na harufu ni ile ile tamu.

"Nilimsafisha vile ulisema," Dishon akaniambia. "Sikukosa hata mara moja, Sista."

Nilimwambia amefanya vizuri. Kisha nilitoka nyuma ya jiko nikajipiga kichwa ukutani hadi akaja kunishika.

Jumanne, 2 Mei

Mtoto wa Opiyo atapona. Wameniletea habari kutoka Kisumu.

Nimemweleza Joram yote, na kwamba nitasema siku ya mazishi. Akaruka. "Wewe mama, unataka kuchoma zahanati? Watu wakisikia, hakuna mwanamke atazalia hapa tena. Na nyamrerwa mwenyewe amekufa. Sasa watazalia wapi? Nyamaza, badilisha hiyo chupa yako, maisha iendelee."

Ubaya ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli.

Ijumaa, 5 Mei

Nimechemsha kila chupa ya zahanati hii. Vizibo nimevitia moto. Kesho wanamzika Dani.

Jumapili, 28 Mei

Naandika kwa mkono wa kushoto. Samahani, daftari.

Siku ya mazishi wanaume waliomvunja ndio waliochimba kaburi, maana hapa kaburi la jirani huchimbwa na jirani. Walimsifu sana. Mhubiri alisema Mungu amempenda zaidi. Oketch alikuwa amesimama kando ya shimo na jembe lake, amekonda. Nilitembea hadi mbele, sikuombwa. Nilisema, "Homa haikutoka kwa Dani. Ilikuwa kwenye dawa yangu. Mimi ndiye niliyeamuru isimwagwe, na Dishon alinionya nikamtukana. Watoto wanne waliokufa niliwatia homa mimi. Dani mwenyewe nilimtia mimi. Hakuna hata mtoto wake mmoja aliyeugua. Barazani nilisema uongo bila kujua, na nilikuwa na furaha nikiusema."

Oketch akauliza, pole pole, "Kwa hivyo mikono yake ilikuwa safi?"

"Ilikuwa safi."

"Mimi nilivunja mikono safi?"

Nilisema ndiyo. Mpini wa jembe lake ulinipata kwenye mkono wa kulia niliouinua, na mfupa ukatokea nje. Kisha wakaja wote. Walinipiga na walichokuwa nacho, mawe, viatu, miti ya turubai. Agneta alinivuta nywele kwenye tope hadi ukingoni mwa kaburi, nikaliona sanduku chini. Dishon alinilalia juu, mzee yule, wakampiga yeye hadi akatema meno. Nilikuwa nimekubali kufa. Sijui kama ni ujasiri au uvivu.

Aliyewazuia ni Lornah. Alimshika mumewe shati mgongoni, akapiga ukelele. "Oketch! Ulipiga Dani, mtoto yetu akarudi? Niambie! Alirudi?"

Mawe, majembe, vyote vilitulia. Oketch alikaa kwenye udongo wa kaburi, na hapo ndipo alipolia.

Jumatatu, 29 Mei

Joram ameandika ripoti kwamba niliteleza.

Jumatatu, 5 Juni

Hakuna mgonjwa. Wiki ya tano. Mimi na Dishon tunamwaga masalio, tunachemsha chupa tupu, tunaziweka juani. Barua yangu ya kukiri imekwenda wilayani. Sijajibiwa.

Alhamisi, 8 Juni

Lornah alinijia asubuhi. Hakunisalimu. "Rosa ana uchungu tangu jana. Hataki kuja hapa. Na huko hakuna mtu." Rosa ni mke wa ndugu mdogo wa Oketch, wanakaa boma moja. Nilimwambia nina mkono mmoja. Akanyosha yake. "Tumia hii."

Basi mimi nilisema na Lornah alifanya. Wembe mpya, uzi wa kuchemsha, kitovu kikaachwa kikauke. Sikuweka kitu chochote. Mtoto wa kike. Lornah alipomshika alitetemeka mwili mzima, lakini hakumwangusha.

Jumapili, 11 Juni

Siku ya tatu. Mvua imekatika, na milima ya ng'ambo inaonekana.

Niliamka na hofu, na nilikuwa nimekwisha vaa viatu walipokuja kuniita. Mtoto analia, hanyamazi tangu alfajiri. Nilipofika boma limejaa watu. Oketch alikuwa mlangoni. Hakunizuia wala hakunipisha, nilipenya ubavuni mwake.

Nilimweka mtoto kipimajoto kwapani, nikakishikilia. Alikuwa analia kwa nguvu zake zote, mwekundu, ngumi zimefungwa. Wanawake wazee walikuwa wameanza kumwita majina. Zamani ningewafukuza. Leo sikuwa na kitu cha kuwaambia, nikaendelea kuhesabu dakika. Walitaja wafu wa baba, wafu wa mama. Mtoto akazidi. Walipomaliza wote kulikuwa na ukimya wao na kilio chake, kisha Lornah, kwa sauti ndogo, akasema, "Adero."

Mtoto alinyamaza. Alifungua macho, akaanza kutafuta ziwa.

Siamini mambo hayo. Watoto huchoka kulia, na huyu alichoka. Nayaandika kama nilivyoyaona. Nilikichomoa kipimajoto, nikakisoma mara mbili dirishani. Kisha nikampa Oketch akisome mwenyewe, kwa sababu neno langu hapa halina thamani tena, na yeye anajua kusoma vipimo.

Alikishika kwa mikono miwili. Alikigeuza kwenye mwanga, akakitazama muda mrefu.

"Thelathini na sita nukta nane," akasema. Kisha ikambidi aseme na lile lingine. "Adero hana homa."